Huruma ya Mtu wa Mbali

Zamani habari ya msiba ilikuwa na miguu. Ilitoka nyumbani kwa mfiwa ikaenda kwa jirani, ikatoka kwa jirani ikavuka mto, na kila ilipofika ilimkuta mtu amjuaye mfiwa, au amjuaye mtu anayemjua. Aliyeisikia aliinuka akaenda matangani. Akikosa nafasi ya kwenda alituma unga au kuni. Habari haikufika mbali kuliko mkono wa msaada ulivyoweza kufika, na kwa hiyo watu hawakupata taabu kubwa ya kuujua wajibu wa msikiaji. Leo habari ina mbawa. Mtoto akilia katika msitu wa Kongo, kilio chake chaweza kusikika siku ile ile na mwanafunzi aliyejilaza kitandani California, na mwanafunzi yule aweza kutokwa na machozi ya kweli. Baada ya machozi, afanye nini? Swali hili ni jepesi kuulizwa, walakini nimeligeuza moyoni kwa miaka mingi wala sijalimaliza. Napenda tulifikiri pamoja, ewe kijana msomaji, kwa kuwa wewe umezaliwa katika wakati wa mbawa.

Sina haja ya kuitetea huruma. Asiyekuwa nayo ni maskini hata akiwa na ghala saba. Lakini huruma ya siku hizi imepata chombo ambacho huruma ya babu zetu haikuwa nacho: yaweza kuyaondoa majeshi makambini. Watu wengi wakihurumia jambo moja kwa wakati mmoja, na wakaambiana kwa simu na kwa intaneti, serikali yao husikia. Na serikali hiyo ikiwa na nguvu, hupeleka ndege na askari katika nchi za watu wengine. Hapo machozi ya watu hugeuka siasa ya nchi moja juu ya nchi nyingine, na kosa lililomo ndani ya machozi hayo hulipwa na watu ambao hawakuwako yalipomwagika. Je, anayehurumia bila ya kujua ana haki ya kuomba vita?

Nitachukua mfano mmoja wa kweli. Tarehe 5 Machi 2012 chama cha vijana wa Marekani kiitwacho Invisible Children, kilichokuwa na makao yake San Diego, kilitoa katika intaneti sinema ya nusu saa iliyoitwa Kony 2012. Katika siku 6 ilitazamwa mara milioni 100. Ilimhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Lord's Resistance Army, aliyeteka watoto wa kaskazini mwa Uganda, akawafanya wavulana askari na wasichana wake za makamanda wake. Maneno hayo yalikuwa kweli, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati ya kumkamata tangu mwaka 2005. Sinema ilitaka jina lake livume duniani kote, ili serikali ya Marekani isichoke ikawaondoa askari wake kiasi cha 100 ambao Rais Barack Obama alitangaza Oktoba 2011 kwamba anawapeleka kuyashauri majeshi ya Uganda na ya majirani zake. Mtazamaji aliombwa kuwaandikia watu mashuhuri 20 na watunga sera 12, kununua bangili na matangazo, na usiku wa tarehe 20 Aprili kutoka na kuyabandika matangazo hayo mjini kwake. Mengi ya mambo haya aliweza kuyatimiza bila ya kuinuka kitini.

Mimi nami sikuwa nje ya shauri hili. Nilionyeshwa sinema ile katika simu ya mwanafunzi wangu mmoja saa ya mapumziko, nikaitazama nimesimama mpaka kengele ikalia, na kengele ilipolia sikuisikia. Jioni niliituma kwa watu kama 15 ambao namba zao nilikuwa nazo, nikaongeza juu yake maneno makali yangu mwenyewe. Mmoja wao alikuwa mwalimu mwenzangu wa zamani, Mwacholi wa upande wa Gulu, ambaye nilifundisha naye shule moja kwa miaka minne. Nilidhani atafurahi kuona kwamba hatimaye dunia imewakumbuka watu wake. Alinijibu kwa mstari mmoja tu: "Ndugu yangu, miaka minne tulikula sahani moja, wala hukuniuliza neno hili hata siku moja." Niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonipeleka kutafuta niliyopaswa kuyajua kabla ya kutuma.

Mwenzangu alijua, kwa mfano, kwamba Kony hakuwa Uganda tena. Yapata miaka sita kabla ya sinema alikuwa amevuka mpaka na watu wake, wakawa wakitangatanga katika Kongo ya kaskazini-mashariki na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Na mwaka ule wa 2012 watu wa Gulu walikuwa wakilima mashamba yao na kujenga upya nyumba zilizoteketea. Sinema ililigusa jambo hili kama mtu agusaye chungu cha moto. Alijua pia kwamba vita vile, vilivyoanza miaka ya themanini, havikuwa na mtesaji mmoja. Serikali iliwaondoa wananchi vijijini ikawakusanya kambini, hata walioyahama makao yao wakakaribia milioni 2, na humo kambini njaa na maradhi yakaua watu wengi. Mtu aliyemzika mtoto wake kambini ana kumbukumbu isiyoenea katika nusu saa.

Lakini zito kuliko hayo yote ni hili: jeshi la Kony lilikuwa jeshi la watoto waliotekwa. Anayesema "mpigeni Kony" husema pia, ajapokuwa hajui, "wapigeni wana wa watu waliomzunguka Kony". Mama ambaye mwanawe yumo msituni akisikia ngurumo ya ndege za vita hawezi kupiga vigelegele. Hujiuliza tu ni wa nani atakayeanguka leo. Na haya si mambo ya kuwaza. Desemba 2008, baada ya mazungumzo ya amani ya Juba kuvunjika kwa sababu Kony alikataa kutia sahihi, jeshi la Uganda lilizishambulia kambi zake katika msitu wa Garamba, Kongo, na Marekani ilisaidia katika mipango. Kony hakupatikana. Watu wake walitawanyika katika vijiji vya Haut-Uele, na katika siku za Krismasi waliua mamia ya watu waliokuwa wamekusanyika kusali na kula sikukuu. Desemba ya mwaka uliofuata wakaingia katika eneo la Makombo wakaua wengine zaidi ya 300. Wanakijiji hao hawakuwa wamemwandikia mtunga sera yeyote. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuwa kando ya nyoka siku atakapochokozwa kwa fimbo fupi.

Waacholi nao walikuwa na fikira yao. Mwaka 2000 Uganda ilianza kuitumia sheria ya kumsamehe muasi atakayeweka silaha chini, na miongoni mwa walioidai sheria hiyo walikuwamo viongozi wa dini na wazee wa Acholi wenyewe, yaani watu walioumia. Tena wana desturi iitwayo mato oput: muuaji hukiri, ukoo wake hulipa fidia, kisha pande mbili hunywa pamoja maji ya mzizi mchungu. Sisemi kwamba desturi iliyowekwa kwa ajili ya damu ya mtu mmoja yatosha kwa damu ya maelfu. Waacholi wenyewe walibishana sana juu ya hilo, na wako waliotaka Kony afikishwe mbele ya mahakama wala si mbele ya mzizi. Ninachosema ni kwamba yalikuwako mazungumzo katika nyumba ile, mazito, ya miaka mingi, na mgeni aliyeingia akipaza sauti "mkamateni!" hakujua kwamba anawakata watu kauli.

Wako watakaonijibu kwa hoja yenye nguvu. Watasema: kabla ya kelele palikuwa na nini? Kimya. Mwaka 2003 Jan Egeland, aliyekuwa mkuu wa misaada ya dharura katika Umoja wa Mataifa, alizuru kaskazini mwa Uganda akatangaza kwamba ule ni msiba mkubwa uliosahauliwa na dunia. Wakati huo maelfu ya watoto walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini mpaka mjini Gulu, wakalala barazani na katika viwanja vya makanisa ili wasitekwe usiku, na alfajiri wakarudi. Je, kelele ya mjinga si bora kuliko kimya cha mwenye hekima? Na tena, vijana wale wa San Diego hawakuwa watu wa siku moja. Walianza kazi mwaka 2004, wakazunguka katika shule na makanisa ya kwao, wakabisha milango ya wabunge, hata Mei 2010 Marekani ikawa na sheria juu ya jambo hili iliyotiwa sahihi na Rais.

Hoja hii nusu yake naikubali bila ya kinyongo. Kimya hakikumwokoa mtoto hata mmoja. Na miaka sita ya kubisha milango ni kazi halali, inayomlazimu mtu kujibu maswali uso kwa uso, na kila swali humrudisha kwenda kujifunza zaidi. Nusu nisiyoikubali ni ile idhaniayo kwamba pana njia mbili tu, kelele na kimya. Iko ya tatu, nayo ilikuwa ikipitwa kila siku mjini Gulu kwenyewe.

Mjini humo kuna redio iitwayo Mega FM, iliyoanza mwaka 2002. Katika redio hiyo kulikuwa na kipindi kilichoitwa Dwog Paco, maana yake Rudi Nyumbani. Walioketi mbele ya chombo cha kusemea walikuwa vijana waliotoroka msituni. Waliwaita kwa majina wenzao waliobaki, wakawaambia: mimi ni fulani, unanijua, tulilala pamoja mahali fulani, niliambiwa nikirudi nitauawa, nami nimerudi na ni mzima. Wazazi pia waliwaita watoto wao. Msituni waasi walikuwa na redio ndogo, na waliosikiliza kwa siri walisikia. Huu nao ulikuwa mtandao wa watu, tena wa hewani, lakini tazama tofauti yake: sinema iliwazungumzia watoto waliotekwa mbele ya watu wengine, redio ilizungumza na watoto wenyewe. Baadaye hata askari wa Marekani walisaidia kuzipeleka sauti kama hizo kwa vikaratasi vilivyomwagwa kutoka angani na kwa vipaza sauti vya helikopta, na wako waliotoka msituni kwa sababu yake. Sina budi kuyataja haya, kwa kuwa ni haki yao.

Wala nisieleweke kwamba aliyezaliwa mbali hana nafasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliivamia shule ya wasichana ya St Mary's, Aboke, wakawateka wanafunzi 139. Palikuwa na mtawa wa Kitaliani, Sista Rachele Fassera. Kulipokucha alishika njia pamoja na mwalimu mmoja wa shule, wakafuata nyayo za wasichana porini mpaka wakawafikia waasi. Akasihi. Wakampa 109, wakawazuia 30, naye akarudi na hao 109 huku majina ya 30 yakimchoma moyo. Huyu kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa mbali kuliko kijana yeyote wa Nairobi, lakini umbali wake alikuwa ameumaliza kwa miguu.

Miongoni mwa wale 30 alikuwamo binti wa mkunga mmoja wa Lira, Angelina Atyam. Mama huyu na wazazi wenzake waliunda chama, wakapaza sauti ndani na nje ya nchi mpaka ikawakera waasi wenyewe. Wakamletea shauri: mchukue binti yako, nawe unyamaze. Msomaji, simama kidogo hapa. Ni nani kati yetu angemlaumu kama angekubali? Alikataa. Alisema watoto wote ni wake, warudishwe wote. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu, lakini binti yake hakurudi mpaka mwaka 2004. Kelele ya mama huyu ilikuwa kelele ya kuvuka bahari kama ile ya sinema, ila yeye aliilipia kwa miaka ya mtoto wake. Na hata sisi Wakenya tumeiona kelele ya namna hiyo. Juni 2024 vijana wetu waliitana kwa simu kuupinga Mswada wa Fedha. Walioitana ndio walioingia barabarani, na baadhi yao hawakurudi makwao. Mtu aweza kubishana nao juu ya mswada, lakini hawezi kusema kwamba walikuwa wakichezea moto katika nyumba ya mwenzao.

Siku nane baada ya sinema kutolewa, ilionyeshwa uwanjani mjini Lira, mbele ya watu maelfu ambao vita vilikuwa vimewapitia. Walikuja kujitazama. Badala yake walimwona mtengeneza sinema na mtoto wake mdogo, na jina la Kony likipambwa katika bangili na mavazi kama la mchezaji mpira. Watu wakakasirika, mawe yakarushwa, na maonyesho yaliyokuwa yamekusudiwa kufanywa mahali pengine yakasimamishwa. Mwandishi wa habari wa Uganda, Rosebell Kagumire, alikuwa amekwisha kueleza kwa njia ile ile ya intaneti kwamba hadithi isimuliwayo na mgeni anayejifanya mwokozi humwondolea mwenyeji nguvu zake. Wengi walimsikiliza, lakini neno la kusahihisha huenda kwa miguu, na kosa limekwisha ruka.

Ilipofika tarehe 20 Aprili, usiku wa kubandika matangazo, katika miji mingi walitokea watu haba. Majuma sita yalitosha kuizimisha huruma ya watu milioni mia. Lakini serikali haisahau upesi kama watu wake, kwa kuwa serikali huwa na sababu nyingine. Majeshi ya Uganda yalikuwa Somalia tangu mwaka 2007 katika kazi ambayo Marekani iliitaka na kuisaidia. Nchi hizi mbili zilihitajiana kwa mambo ambayo hayakutiwa katika sinema yoyote. Sidai kwamba huruma ilitumiwa kama kanzu ya kufunika jambo jingine, maana sina ushahidi wa kumshtaki mtu. Nadai tu kwamba mwenye kuisukuma jahazi la serikali kwa pumzi yake yampasa kuuliza ni shehena gani nyingine iliyomo. Mwaka 2017 Marekani ilitangaza kwamba inawaondoa askari wale, na Uganda ikawaondoa wa kwake. Kony hakuwa amekamatwa.

Aliyekamatwa ni mwingine, nami kila nimfikiripo mizani ya akili yangu huyumba. Dominic Ongwen alitekwa njiani akienda shule, akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Akalelewa msituni, akafundishwa kuua, akawa kamanda mkubwa, akateka watoto wa wengine kama alivyotekwa yeye. Mwaka 2015 alifikishwa The Hague. Mwaka 2021 mahakama ilimwona na hatia ya makosa mengi ya kutisha, ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Mahakama haikumpa adhabu kubwa kuliko zote, na sababu moja ni utoto wake ule. Katika picha za namna ya Kony 2012 huwa kuna mtoto wa kuokolewa na mtu mbaya wa kukamatwa, nao ni watu wawili. Hapa walikuwa mtu mmoja. Aliyemlilia mtoto Dominic mwaka aliotekwa, na aliyefurahi kuona Bwana Ongwen akifungwa, wote wawili walikuwa na haki, na kama ni mtu yule yule, basi hana budi kuibeba haki yake ya kwanza pamoja na ya pili.

Miezi mingi baada ya ule mstari wake mmoja, nilimpigia simu mwalimu mwenzangu nikamwomba radhi. Alicheka, kwa maana ni mtu asiyeweka jambo. Nikamwuliza: kama ningekuuliza siku ile kabla ya kutuma, ungeniambia nini? Alinyamaza kidogo. Akasema angeniambia habari za watoto wa Kitgum na Pader walioshikwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao hushindwa kula chakula kilicho mbele yao, wakadhoofika na kudumaa. Wengine hufungwa kamba nyumbani wasije wakaanguka motoni wakati wazazi wako shambani. Madaktari walikuwa hawajakijua chanzo chake, na watoto walioshikwa walikuwa maelfu. "Hilo ndilo lililokuwa likitulaza macho mwaka ule," akasema. Nikatazama katika simu yangu orodha ya wale watu 15. Ilikuwa bado ipo, kama nilivyoiacha.